Aliomba Baiskeli Nyepesi, Akaondolewa Madigadi

Saa tano kasorobo asubuhi. Mvua inanyesha Keelung, mji wa bandari wa Taiwan, kama ilivyonyesha jana na juzi, na Yu Pi-hsia amesimama kwenye kona ya pili ya Uchochoro wa Kisima Kikavu, mguu mmoja chini, akikodolea macho upande wa kulia wa usukani wa baiskeli yake.

"Huku au huku?" anajiuliza kwa sauti.

Pale kwenye usukani kuna vijiti viwili vidogo vya gia. Kimoja husukumwa kwa kidole gumba, kingine huvutwa kwa kidole cha shahada. Kimoja hulainisha pedali, kingine huifanya iwe ngumu kama kukanyaga ukuta. Kimojawapo amekifunga uzi mwekundu ili asikosee.

"Shida ni kwamba nimesahau nilimaanisha nini," anasema, huku akijipangusa maji puani. "Nyekundu ni ya heri, au nyekundu ni ya simama? Nilifunga mwenyewe, na sasa hakuna wa kumuuliza."

Anabahatisha uzi mwekundu. Mnyororo unakwaruza, unaruka, unatulia. Anakanyaga, na baiskeli yenye boksi kubwa la povu nyuma, lililojaa vyakula vya moto, inaanza kupanda taratibu mithili ya mtu mnene anayepanda ngazi.

"Ni ya heri," anasema bila kugeuka.

Pi-hsia ana umri wa miaka sitini na mmoja. Kazi yake ni kupeleka chakula cha mchana kwa wazee wanaoishi peke yao juu ya kilima, upande wa nyuma wa bandari. Jiko la jamii lililo chini, karibu na soko la samaki, hupika wali, kabichi, tofu na kipande cha samaki. Yeye hupakia na kupanda. Posho anayopata humtosha umeme na gesi, na ikibaki, ndizi.

Wenzake wote hutumia pikipiki. Yeye hana leseni, na si kwa kutojaribu. Katika mtihani kuna sehemu ambapo mtu hutakiwa kwenda polepole sana kwenye mstari mwembamba bila kuweka mguu chini. Kila akifika hapo, mguu unashuka wenyewe.

"Mtahini ananiambia, 'Mama, mguu!' Namwambia nauona. 'Basi uinue!' Nikiuinua huu unashuka ule. Mara ya mwisho aliniambia niende tu nyumbani nikapumzike, wala hakusema kwa ubaya."

Kwa hiyo baiskeli. Ni ya zamani, ya chuma, aliyopewa na dada yake aliyekuwa akiishi Japani, na kwa miaka mingi ilimtosha kwa sababu njia yake ilikuwa tambarare, kandokando ya gati. Mambo yalibadilika majira ya baridi yaliyopita, mpeleka chakula wa kilimani alipohamia kwa mwanawe na Bi. Chiung-mei, msimamizi wa jiko, alipouliza ni nani atachukua Kisima Kikavu.

"Watu wote walitazama masufuria," anakumbuka Bi. Chiung-mei. "Pi-hsia alikuwa anafunga kamba za koti la mvua, hakusikia swali. Nikasema, 'Asante, dada.' Akaitikia, 'Haya.' Sijui alidhani namshukuru kwa lipi."

Alijua siku iliyofuata. Kufikia kona ya kwanza goti lake lilikuwa linawaka moto. Kona ya pili alishuka akasukuma. Mzee wa nyumba ya juu kabisa, Shih Wan-tui, aliyekuwa mpishi wa meli kwa muda mrefu wa maisha yake na ambaye sasa hasikii hata kengele ikigongwa sikioni, alipokea wali ukiwa umepoa na akamuuliza kama ameutoa Manila.

"Baba mkubwa, kilima ni kikali!" Pi-hsia alimpigia kelele.

"Ndiyo, hauna chumvi hata kidogo!" akajibu mzee.

Ndipo Pi-hsia alipokwenda kwa Ko Jung-fa, fundi wa baiskeli aliye jirani na daraja, na hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza.

"Nilimwambia nataka iwe nyepesi," anasema. "Kuna neno gani la wazi kuliko hilo?"

Fundi Ko, mwanamume wa makamo mwenye vidole vilivyoingiwa na grisi mpaka havitakati tena, alielewa vizuri kabisa. Aliondoa madigadi. Akaondoa kifuniko cha mnyororo, stendi, kengele na karia ya mbele. Akaweka tandiko jembamba. Kisha akainua baiskeli kwa mkono mmoja mbele ya mteja wake, akitabasamu.

"Ona!"

Pi-hsia aliona, akashukuru, akaondoka. Alipofika juu ya kilima alikuwa na mchirizi wa matope kuanzia kiunoni hadi kisogoni, na goti lilikuwa linauma vilevile. Baiskeli haikuweza kusimama yenyewe, ikabidi ailaze kwenye ua wa watu.

"Mimi sikuja nayo ili niibebe," aliwalalamikia wenzake jikoni. "Nilitaka inibebe!"

Katika kona ya kwanza ya uchochoro anaishi Mwalimu Hsieh, aliyefundisha hisabati hadi alipostaafu, naye ni mmoja wa wanaopelekewa chakula. Alimwonea huruma. Alimkalisha barazani, akachukua machungwa mawili, moja dogo na moja kubwa, akamweleza habari ya magurudumu ya meno: la mbele lililoshikana na pedali, na la nyuma lililoshikana na tairi. La mbele likiwa dogo na la nyuma likiwa kubwa, mtu hukanyaga kirahisi ingawa haendi mbali.

"Umenielewa, dada?"

"Nimekuelewa, mwalimu. Liwe kubwa."

"La nyuma."

"La nyuma ndilo linalokuwa kubwa."

"Na la mbele?"

"La mbele ndilo lile jingine."

Mwalimu Hsieh aliona inatosha. Pi-hsia alimenya chungwa dogo akala akiwa njiani, na alipofika kwa fundi alikuwa anakumbuka neno moja.

"Mwalimu amesema kubwa," alimwambia Fundi Ko.

Fundi aliangalia baiskeli, akaangalia ukutani alikoning'iniza vipuri. Kwa maelezo yake mwenyewe, watu wanaokuja dukani kwake wakisema "kubwa" huwa wanamaanisha gurudumu la mbele, kwa kuwa wanataka mwendo. Ni vijana wa kukimbizana barabara ya pwani siku za mapumziko. Akamfungia la mbele, kubwa kama sinia.

Asubuhi iliyofuata, Pi-hsia hakuweza kupita hata duka la dawa lililo mwanzo wa mlima. Alisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, na pedali ikakaa palepale.

"Nilidhani nimeugua," anasema. "Nilijiuliza, hivi mtu anaweza kuisha nguvu usiku mmoja tu? Nikaingia duka la dawa nikawaambia wanipime presha."

Presha ilikuwa nzuri. Alisukuma baiskeli kilima kizima. Wazee walikula wakiwa wamechelewa, na Bi. Chiung-mei, ambaye si mtu wa maneno makali, alimwambia kwa upole kwamba huenda Kisima Kikavu apewe mtu mwenye pikipiki.

"Nilimwambia anipe muda. Sikujua muda wa kufanya nini. Fundi anajua, mwalimu anajua, kila ninayekutana naye anajua, na kila mmoja ananiambia lake. Mwanamke wa samaki ananiambia ninunue ya umeme. Mlinzi wa gati anasema ni matairi. Nilikuwa najisikia kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake."

Kilichokuja kumwangusha hakikuwa gia, bali breki.

Magurudumu ya baiskeli ile yalikuwa na rimu za chuma king'aacho, na chuma hicho kikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake kama sabuni. Pi-hsia alizoea kushuka akiwa anaburuza viatu. Safari hii alimwomba Fundi Ko kitu kimoja tu, kwa lugha ambayo haikuweza kupotoshwa: isimame. Fundi alifunga breki mpya za mikono mirefu na mipira laini, akavuta waya mpya, na kweli ikasimama.

Siku ya pili ya breki hizo, akiwa anateremka na maboksi matupu, paka alikatiza njia. Pi-hsia alikamata breki ya kushoto kwa nguvu zote, kama alivyokuwa akifanya miaka yote. Gurudumu la mbele likasimama palepale. Yeye hakusimama. Aliruka juu ya usukani, akatangulia baiskeli yake, akaangukia mkono.

"Maboksi yaliteremka mpaka barabarani," anasimulia. "Mimi nimelala, nayasikia yakienda. Nikawa nawaza, mbona kimya? Kumbe ni mimi niliyekuwa kimya."

Mkono wa kulia ulivunjika karibu na kifundo. Alifungwa plasta, akaambiwa akae nyumbani. Kisima Kikavu kikapewa Bwana Chuang, mlinzi mstaafu mwenye pikipiki, mtu mwema mwenye haraka. Kwa Mzee Shih aligonga, akaita, akapiga honi, na alipokosa jibu alitundika boksi kwenye lango na kupaza sauti kueleza kwamba yule shangazi wa baiskeli ameanguka.

"Nilisema 'ameanguka'," anasisitiza Bwana Chuang. "Nilisema kwa sauti hadi jirani wa ng'ambo akafungua dirisha akaniuliza nani ameanguka. Mzee alichungulia, akatikisa kichwa kwa huzuni, akachukua boksi akaingia nalo. Nilidhani amenielewa."

Pi-hsia hakuweza kukaa nyumbani. Siku iliyofuata alifungiwa chakula kimoja kwenye kitambaa, akapanda kilima kwa miguu, plasta ikiwa imevikwa mfuko wa nailoni, kwenda kumsalimia mzee.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na harufu ya udi. Kwenye meza ya mababu, kando ya picha ya marehemu mke wa mzee, boksi la chakula lilikuwa limewekwa bila kuguswa, na mbele yake kikombe cha chai, na vijiti vya udi vikifuka moshi. Mzee Shih alikuwa ameketi kitini amevaa koti lake zuri, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni.

"Baba mkubwa, hiki chakula ni cha nani?"

Mzee aligeuka. Akamtazama kuanzia kichwani kushuka miguuni, na miguuni alikawia, kama anayehakikisha kwamba inagusa sakafu.

"Ni chako," akasema. "Umekuja kukichukua?"

"Changu kivipi?"

"Umekufa."

"Nani kasema?"

"Yule wa pikipiki. Kapiga kelele mtaa mzima hana hata aibu."

"Nimeanguka, baba mkubwa! Ni-me-a-ngu-ka!"

"Ndiyo. Ukafa."

Pi-hsia alivua mfuko wa nailoni akamsogezea plasta usoni. Mzee aliigonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayekagua tikiti maji. Akagonga tena. Kisha akafungua kifungo cha juu cha koti lake.

"Basi lete hicho ulicholeta," akasema. "Tangu jana sijala. Ningekulaje chakula cha marehemu?"

Walikula pamoja, yeye kwa mkono wa kushoto, wali ukimwagika mezani. Mzee alilalamika kwamba samaki amekaushwa mno. Wakati Pi-hsia anatoka, alimwita.

"Wewe mtoto. Ukifa kweli, uje mwenyewe uniambie. Usitume watu."

"Nilicheka nikiwa pale ndani," anasema Pi-hsia. "Nilipoanza kushuka nikalia njia nzima. Mpaka leo sijui nililia nini. Kwa kuwa nilifanyiwa matanga? Kwa kuwa yalikuwa mazuri? Ule udi ulikuwa wa bei."

Fundi Ko alisikia habari za kuanguka kutoka kwa wateja wake. Alikwenda kwa Pi-hsia na mfuko wa mapera, akasimama mlangoni.

"Dada, breki zile zilikuwa nzuri," alisema. "Sielewi. Nimezipima mwenyewe."

"Hata mimi sielewi. Rudi na mapera yako. Kesho njoo jikoni upande na chakula. Panda wewe, mimi nitazame."

Fundi alikubali. Siku iliyofuata alipakiwa maboksi ya Kisima Kikavu juu ya baiskeli ileile, na Pi-hsia akatembea kando yake na mwavuli. Ko ni mtu mwenye mapaja ya kazi. Duka la dawa alilipita akitabasamu. Kona ya kwanza tabasamu lilikuwa limekwisha. Kabla ya kona ya pili alishuka, akashika magoti, akabaki ameinama.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

"Na mzigo huu?"

"Leo mwepesi. Hakuna supu."

Juu kabisa, Mzee Shih alifungua lango, akamwona mwanamume asiyemjua amelowa chapachapa na boksi mkononi, akamuuliza yuko wapi yule maiti wake. Fundi akageuka kumwonyesha Pi-hsia, aliyekuwa bado anamalizia kupanda na mwavuli wake.

Ukweli wa breki ulijitokeza wakati wa kuteremka. Ko alipanda baiskeli, akamuuliza Pi-hsia huwa anashika wapi.

"Kushoto. Kama kila mtu."

"Kushoto ni ya mbele, dada."

"Kushoto ni ya nyuma."

"Nimefunga mimi. Kushoto ni ya mbele."

"Hii baiskeli nimekaa nayo kuliko umri wa duka lako. Kushoto ni ya nyuma!"

Walisimama katikati ya uchochoro, mvuani, wakibishana kushoto ni wapi, hadi Mwalimu Hsieh akatoka na mwavuli wake kuuliza kama kuna mgonjwa. Fundi ndiye aliyenyamaza kwanza. Alikuwa amekumbuka kwamba baiskeli ile ilitoka Japani, ambako breki ya mbele huwa mkono wa kulia, na kwamba alipofungua breki zile za zamani, nyaya zilipita upande mwingine. Alifikiri ni kosa la mtu wa kabla yake. Akalirekebisha.

"Hukuniambia," alisema kwa sauti ya chini.

"Hukuniuliza. Na ungeniuliza ningejua nini? Mkono ndio unaojua, mimi sijui."

Kuanzia hapo, fundi hakumuuliza tena anataka kipuri gani. Plasta ilipoondolewa, alimpeleka kwenye mteremko mfupi ulio nyuma ya duka, siku ya mvua, akampa baiskeli tatu za watu waliokuwa wameziacha zitengenezwe, kwa ruhusa ya wenyewe. Moja ilikuwa na breki za mpira zinazobana rimu ya alumini. Nyingine ilikuwa na breki ya kisahani cha chuma katikati ya gurudumu. Ya tatu ilikuwa na breki ya nyuma iliyofichwa ndani ya kikombe, ambako mvua haifiki.

Pi-hsia aliteremka na zote, akipiga kelele kwa zote.

"Ipi?" aliuliza fundi.

"Ya kisahani hapana. Inakamata kama polisi. Hizi mbili."

"Zipi mbili? Gurudumu la mbele au la nyuma?"

"Sijui! Hii ya mpira nisikie ikinishika taratibu mbele, na ile ya kikombe inivute nyuma. Inawezekana, au nimesema upuuzi?"

Ilikuwa inawezekana. Na kwa bahati, fremu yake ya zamani haikuwa na mahali pa kufunga kisahani hata angekitaka. Fundi alibadilisha magurudumu, akaweka rimu za alumini, akafunga breki ya mbele mkono wa kulia na ya nyuma mkono wa kushoto. Mbele aliweka gurudumu moja tu la meno, dogo kama kisahani cha chai. Nyuma akapanga magurudumu nane, la mwisho likiwa pana kiasi kwamba Pi-hsia alidhani amefungiwa la mbele nyuma. Gia za mkono wa kushoto zikaondolewa kabisa, abaki na upande mmoja wa kuchanganyikiwa.

Madigadi yalirudi. Stendi na kengele pia.

"Baiskeli ni nzito kuliko alivyoileta mara ya kwanza," anasema Fundi Ko akicheka, "na ndiyo nyepesi zaidi niliyowahi kutengeneza. Mwalimu alikuwa sahihi tangu siku ya machungwa. Mimi ndiye sikusikiliza. Watu wote hapa wanadai mwendo, sikujua kuna mtu anaweza kuja kuomba asiende haraka."

Leo, Pi-hsia anafika kwa Mzee Shih bila kushuka. Anakwenda polepole kiasi kwamba kuku wa jirani humpita. Goti bado linauma siku za baridi, lakini ni maumivu yanayolala naye na kuamka naye, si yale ya kupiga mayowe. Anapoteremka, mkono wake wa kushoto husitasita kabla ya kubana, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba alikowahi kuzabwa kofi.

Mzee Shih anapokea boksi, analigusa chini.

"Moto," anasema kwa mashaka. "Umepika njiani?"

Jikoni, saa nane mchana, Pi-hsia anaosha maboksi, huku Bi. Chiung-mei akipanga mipango ya mwezi ujao. Nyuma ya Kisima Kikavu kuna njia nyingine, nyembamba zaidi, inayopanda hadi nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Tangu jiko lianzishwe hakuna aliyewahi kupeleka chakula huko. Pi-hsia anasema anaitaka.

"Umeiona lakini?" anauliza Bi. Chiung-mei.

"Nilikwenda jana kuitazama. Nimeiona sehemu ya chini. Huko juu kulikuwa na ukungu, sikuona inaishia wapi."

"Na gia zako? Hata hizi hujazielewa."

"Sijazielewa." Anakung'uta maji kwenye kifuniko cha boksi, anakiweka juu ya vingine. "Nilimwona bibi mmoja anashuka ngazi na kikapu, nikamuuliza mchana huwa wanakula nini. Akaniambia mchana hupita tu, huwa wanalala mapema."

Bi. Chiung-mei anashika kalamu, haandiki.

"Kuanzia lini?" anauliza.

"Kesho," anasema Pi-hsia. "Nipe na supu."